Kutoka Kivukoni hadi Barabarani: Historia ya Mapito ya Mwambao wa Ziwa Mweru na Mustakabali wa Usafiri wa Nchelenge na Kashikishi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mapito ya watu na mizigo katika mwambao wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, kuanzia enzi ya misafara ya karne ya 18 na 19 hadi barabara ya lami ya leo. Hoja yake kuu ni kwamba mwambao huu una mapito ya aina mbili. Yapo yanayokwenda sambamba na ziwa, ambayo dola moja baada ya nyingine imeyajenga na kuyalinda. Na yapo yanayolikabili ziwa, kutoka shambani hadi majini na kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, ambayo wakazi wameyatunza wenyewe, mara nyingi bila idhini. Mpango wa usafiri wa Nchelenge na Kashikishi utakaoona aina ya kwanza pekee utakuwa unarudia kosa ambalo limekwisha kufanyika mahali hapo na ambalo gharama yake inajulikana.

Mji wenye umbo la barabara

Nchelenge na Kashikishi ni majina mawili ya mji mmoja. Nchelenge ndiko iliko boma, yaani makao ya utawala wa wilaya. Kashikishi ina hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, soko na msongamano wa biashara ya samaki. Kati yao hakuna mahali ambapo mgeni anaweza kusimama akasema hapa mji mmoja umekoma na mwingine umeanza. Nyumba zimepangana kando ya barabara moja inayotoka Mansa, ikapita Mwense na Mwansabombwe, ikafuata bonde la Mto Luapula hadi ziwani. Ian Cunnison, aliyelitafiti bonde hilo mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1959, alikuta tayari vijiji vimejipanga mstarini, nyuma vikiwa na mashamba ya mihogo na mbele vikiwa na maji na samaki.

Umbo hilo lina matokeo ambayo wapangaji wa miji hawana budi kuyazingatia. Katika mji wa duara, mtu huweza kuiepuka barabara kuu. Katika mji wa mstari hawezi. Mwanafunzi, mgonjwa, mchuuzi mwenye beseni kichwani, mwendesha baiskeli aliyefunga magunia ya samaki wakavu na lori linalokwenda Ukanda wa Shaba wote hutumia uchochoro uleule. Barabara ndiyo njia ya kupita, ndiyo soko, ndiyo kituo cha basi, na jioni ndiyo ukumbi wa mazungumzo. Swali la nani apewe nafasi gani juu yake haliwezi kujibiwa kwa kupima magari tu, kwa sababu wengi wa watumiaji wake hawana gari.

Maji yalikuwa njia kuu

Kabla ya barabara palikuwa na maji. Ziwa Mweru, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 5,000, hupokea Luapula upande wa kusini na kuutoa Mto Luvua huko Pweto, kaskazini. Jina lake lenyewe linahusishwa na neno la Kibantu lenye maana ya ziwa, kama ilivyo kwa maziwa mengine kadhaa ya Afrika ambayo wageni waliuliza jina wakajibiwa nomino ya kawaida.

Ufalme wa Mwata Kazembe, ulioanzishwa na Walunda waliotoka magharibi, ulikaa katika njia panda ya bara zima. Mwaka 1798 Francisco José de Lacerda e Almeida alifika huko kutoka Tete akitafuta njia ya kuunganisha pwani mbili za Wareno, akafia hukohuko. Waliofanikiwa kuivuka njia hiyo ni wachuuzi wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Amaro José, walioondoka Angola mwaka 1802, wakazuiwa kwa Kazembe kwa miaka, na hatimaye wakafika Tete mwaka 1811. Inafaa kusisitizwa, kwa kuwa vitabu vya shule havisisitizi, kwamba safari hiyo iliwezekana kwa ruhusa ya wenye nchi. Mwata aliweza kufunga njia na kuifungua, na hakuhitaji ukuta wala lango: alihitaji kuwazuia wavushaji wasivushe.

Upande wa mashariki, wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani walikuwa wamekwisha kufika katikati ya karne ya 19. David Livingstone alipofika Mweru mwezi Novemba 1867 alimkuta Mohamed bin Saleh akiishi kwa Kazembe kwa miaka mingi, hana ruhusa ya kuondoka. Mwaka huohuo Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, alikuwa amempiga Nsama wa Itabwa, mashariki ya ziwa. Masimulizi yake mwenyewe ya tukio hilo ni miongoni mwa nathari za mwanzo za Kiswahili zinazoeleza maisha ya mtu. Misafara hii iliacha alama ya kudumu katika ramani. Kisiwa kikubwa kilichomo ziwani, upande wa Zambia, kinaitwa Kilwa. Mji ulio ng'ambo, upande wa Kongo, nao unaitwa Kilwa. Jina la bandari ya Bahari ya Hindi lilisafiri bara zaidi ya kilomita elfu moja likatua juu ya maji mengine. Kwa upande mwingine, alama hiyo si ya fahari tupu: kisiwa hicho kilikuwa pia ngome ya biashara ya watumwa, na waliopitishwa kwa mitumbwi kuelekea njia ya pwani hawakuwa wasafiri.

Simulizi ya Nachituti, ambayo David Gordon ameifanya kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 2006, inaeleza uhusiano wa nchi na maji kwa namna ambayo hati za serikali hazijawahi kuieleza vizuri zaidi. Nkuba, mkuu wa Washila waliokuwa wavuvi wa kale wa ziwa, alimuua mtoto wa dada yake Nachituti. Mama huyo akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba kisasi. Nkuba akauawa, na Nachituti akamkabidhi Mwata nchi na maji. Hata hivyo ukoo wa Nkuba uliendelea kutambuliwa kuwa ndio wenye ziwa. Pakawa na mamlaka mbili zilizokutana ufukoni: moja ikitawala watu na ardhi, nyingine ikishika ada za maji. Mahali pa kutia mtumbwi nanga palikuwa, tangu hapo, mahali pa makubaliano.

Mpaka, malale na mapito yaliyokatwa

Mkataba wa Uingereza na Leopold wa tarehe 12 Mei 1894 ulichora mpaka katikati ya mto na ziwa. Kalamu ya wanadiplomasia iliyageuza maji yaliyokuwa njia kuwa ukingo. Mwanzoni wakazi hawakusumbuka sana. Waliutumia mpaka kama walivyotumia upepo, wakihamia upande ambao kodi ilikuwa nyepesi na msako ulikuwa haba.

Pigo lilikuja kwa sura ya afya. Malale ilipoingia bondeni katika miaka ya 1906 na 1907, utawala wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini uliamua kuwahamisha watu kutoka ukingo wa Luapula na ufuko wa Mweru, ukapiga marufuku uvuvi na matumizi ya mitumbwi katika maeneo yaliyotajwa, na vijiji vikapelekwa mbali na maji anakoishi mbung'o. Mwelwa Musambachime, mwanahistoria aliyezaliwa na utamaduni wa bonde hili, amefuatilia athari za hatua hiyo hadi mwaka 1922. Watu waliondolewa kwenye bustani za ukingoni, wakanyimwa kitoweo chao cha kila siku, na wengi wakavuka kwenda upande wa Wabelgiji au wakarudi kwa kificho usiku. Waliobaki walingoja zaidi ya miaka kumi kuruhusiwa kurejea.

Makusudi ya wenye mamlaka hayakuwa mabaya. Malale iliua kweli. Kosa lilikuwa la ramani. Katika macho ya afisa, kijiji kilikuwa nukta inayoweza kusogezwa kilomita kadhaa mashariki bila hasara. Kwa mkazi, kijiji kilikuwa mstari: ncha moja majini, ncha nyingine shambani, na mwili wa binadamu ukipita kati yake mara mbili au tatu kwa siku. Ukikisogeza umekikata. Tukio hili ndilo ushahidi mzito kuliko wote kwa mjadala wa leo, kwa sababu mipango ya barabara inaweza kufanya jambo lilelile bila kuhamisha nyumba hata moja. Mtaro wenye kina kirefu usio na kivusho, uzio wa bandari, au kiwanja kilichouzwa ufukoni vinatosha kuutenganisha mstari huo.

Samaki walivyovuta barabara

Reli ilipofika Elisabethville, sasa Lubumbashi, mwaka 1910, migodi ya Katanga ilihitaji chakula. Samaki wa Mweru na Luapula walikuwa karibu. Kasenga, upande wa Kongo, ikawa bandari ya mto yenye barabara ya magari hadi migodini, na wafanyabiashara Wagiriki waliotia fedha katika boti, barafu na malori walishika sehemu kubwa ya biashara hiyo. Kwa miongo kadhaa mvuvi wa upande wa Rhodesia ya Kaskazini aliuza samaki wake magharibi kwa sababu njia nzuri ilikuwa magharibi. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mtoni kwa makundi kutaga, alivuliwa kupita kiasi hadi akapungua vibaya katika miaka ya 1940. Barabara inayowahi soko huwahi pia kumaliza bidhaa.

Barabara ya upande wa Zambia ilikuwa na historia tofauti. Ilikuwa kwanza njia ya boma: ya kodi, ya barua, ya afisa wa wilaya. Ndiyo maana katika harakati za mwaka 1961 zilizojulikana kama Cha-cha-cha, wafuasi wa UNIP katika mikoa ya kaskazini, Luapula ikiwamo, waliziba barabara na kuharibu madaraja. Mtu haharibu kitu anachokiona kuwa chake. Baada ya uhuru wa 1964, serikali mpya ilikabiliwa na kazi ya kuigeuza barabara ya dola kuwa barabara ya wananchi, na kazi hiyo iliendelea polepole. Mkoa wa Luapula ulitenganishwa na Ukanda wa Shaba na kidole cha ardhi ya Kongo, na safari fupi zaidi ilipita nchi ya kigeni kisha kivuko cha Chembe. Daraja la Luapula la mwaka 1983, katika njia ya Serenje na Samfya, lilifungua mlango wa ndani ya nchi. Lami ikafika Nchelenge katika miaka ya 1980. Na mwaka 2008 daraja lililopewa jina la Rais Levy Mwanawasa likachukua nafasi ya pantoni ya Chembe.

Lami ilikuja wakati uleule ambapo uvuvi ulibadilika. Samaki wakubwa walikuwa wamepungua, na chisense, samaki wadogo wanaolingana na dagaa, wakawa bidhaa kuu. Chisense huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa mchana kutwa juani, hufungwa katika magunia. Mageuzi haya yaliwaingiza wanawake kwa wingi kama wanunuzi, waanikaji na wachuuzi, na yaliongeza maradufu safari za miguu kati ya maji na lami. Gunia la chisense halitoki mtumbwini likaingia lorini. Hutoka mtumbwini likaenda kwenye uanikio, likarudi kwenye mizani, likapelekwa kando ya barabara likangoja gari. Sehemu yote hiyo ya mnyororo husafirishwa kichwani, mgongoni au kwa baiskeli, na haionekani katika hesabu yoyote ya magari.

Ng'ambo nayo haikukoma. Vita vya Kongo vilileta wakimbizi kupitia ziwa na nchi kavu, na kambi za Mwange na Kala zikafunguliwa mwaka 1999 na 2000. Machafuko mapya ya mwaka 2017 yalileta wengine maelfu. Walipokelewa Kenani, kisha mwaka 2018 yakaanzishwa makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yaliyobuniwa ili wageni na wenyeji watumie huduma kwa pamoja. Mbali na mikasa, boti huvuka katika siku za kawaida zikiwa na unga, vitenge, sabuni, jamaa wanaokwenda msibani. Mpaka wa 1894 haujawahi kuwafanya watu wa Mweru kuwa watu wa upande mmoja.

Maneno ya njia

Kwa kuwa mipango huandikwa kwa Kiingereza, inafaa kutazama lugha za wapitaji wenyewe. Kibemba hutofautisha inshila, njia kwa maana pana na hasa ya miguu, na umusebo, barabara iliyofunguliwa kwa upana. Inshila na njia ya Kiswahili ni ndugu wa mzizi mmoja. Ubwato, mtumbwi, una ndugu yake katika bwato ya Kilingala na eryato ya Kiganda. Mahali pa kuvukia huitwa icabu. Boma, kwa upande wake, imo katika Kiingereza cha kiserikali cha Zambia na katika Kibemba kwa maana ya makao ya wilaya, na katika Kiswahili ni ngome au zizi.

Tofauti ya inshila na umusebo ina uzito wa kisera. Afisa akiuliza kijijini kuhusu barabara, atajibiwa kuhusu umusebo: mashimo, vumbi, malori. Kimya kuhusu inshila hakimaanishi kwamba njia za miguu hazina matatizo, kinamaanisha hazikuulizwa. Mkutano wa hadhara unaoendeshwa kwa istilahi ya Kiingereza, ambayo mkalimani ameigeuza kwa neno moja, unaweza kuzalisha kumbukumbu safi kabisa za jambo ambalo wananchi hawakuulizwa. Na katika wilaya yenye Mantapala, mkalimani huyo atahitaji pia Kiswahili cha Katanga, ambacho barabara hukiita balabala.

Mpango wa kesho

Sheria ya Mipango ya Miji na Mikoa Na. 3 ya mwaka 2015 inazitaka mamlaka za mitaa nchini Zambia kuandaa mipango jumuishi ya maendeleo, na inaweka utaratibu wa makubaliano na watawala wa jadi pale ardhi ya kimila inapohusika. Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo nao uliongezwa mwaka 2022 kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo. Kwa mara ya kwanza, basi, halmashauri ya mwambao ina chombo cha kisheria cha kupanga na kiasi cha fedha kinachotosha kazi ndogo: vivusho vya mitaro, vijia vilivyoinuliwa, taa, gati la mbao. Kazi za aina hii hazina uzinduzi wa kifahari na kwa sababu hiyo huahirishwa.

Wakati huohuo miradi mikubwa inakaribia. Barabara ya Kasomeno hadi Mwenda, pamoja na daraja jipya la Luapula, imekusudiwa kufupisha safari ya malori kati ya Katanga na bandari ya Dar es Salaam. Ikikamilika, sehemu ya shehena itapita kusini mwa ziwa na bonde zima litavutwa upya, kama Kasenga ilivyolivuta karne iliyopita. Nchelenge haitakuwa kituo cha ukanda huo mkuu, na huenda hilo ni heri: halmashauri ina muda wa kupanga kwa kipimo cha mtembea kwa miguu kabla ya kulazimishwa kupanga kwa kipimo cha lori.

Mfano wa Dar es Salaam unaweza kufaa, ingawa ukubwa wa miji hiyo hauna ulinganisho. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwezi Mei 2016, mojawapo ya vituo vya mwisho vya awamu ya kwanza kiliwekwa Kivukoni, jirani na soko la samaki la Feri na pantoni ya Kigamboni. Basi lilikwenda kukikuta kivuko, na jina la mahali lilikwisha kusema kwa nini. Mwanza, soko la Kirumba linajulikana kama Mwaloni kwa sababu lilikua juu ya mwalo, mahali pa kupokelea samaki. Katika miji yote miwili historia ya maji iliamua njia ya nchi kavu iishie wapi. Kwa Nchelenge na Kashikishi hatua ya kwanza ingekuwa kuorodhesha kila icabu kwa jina lake, kwa mamlaka inayoitambua na kwa njia ya miguu inayoihudumia, kisha kuweka vituo vya mabasi madogo mahali njia hizo zinapokutana na lami. Kwa sasa magari husimama abiria wanapopungia mkono, na hilo lina faida zake. Kituo kilichowekwa mahali pabaya kingekuwa hasara kuliko kutokuwa na kituo.

Hatua ya pili ni ngumu zaidi, kwa maana inagusa mali. Ardhi ya ufukoni hupanda bei mji unapokua, na wa kwanza kuinunua ni mwenye nyumba ya wageni au ghala. Njia ya miguu isiyo na hati hufungwa kwa ukuta katika wikendi moja. Makubaliano yanayotajwa na sheria ya 2015 yangeweza kuzitaja njia hizi moja moja kuwa mali ya umma, na wenye ardhi pamoja na wenye ada za maji wakatia sahihi mbele ya halmashauri. Utaratibu kama huo haungekuwa mgeni kwa nchi ya Nachituti.

Suala la vipimo linabaki. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaliane, na majira hayo ni ya mvua. Mizani hulala, uanikio huwa mtupu, na njia kutoka majini hadi lami huota nyasi. Shule zinapofunguliwa mwezi Januari barabara hujaa watoto, lakini ufuko ni kimya. Hesabu ya wapitaji ikifanywa katika miezi hiyo itaonyesha kwamba njia za ufukoni hazitumiki, na karatasi hiyo itafika mezani kwa mtu ambaye tayari ana mnunuzi wa kiwanja. Kwa hiyo wahesabuji wapelekwe mara mbili: mara moja wakati wa marufuku, na mara ya pili mwezi Machi, alfajiri, mitumbwi ya chisense inaporudi.